Saini ya "Mwalimu" kwenye kadi 200: shajara ya mradi wa printa ya nyumbani

Jumamosi

Kazi ni hii: kadi 200 za Krismasi na Mwaka Mpya, kila moja iwe na saini ya Baba Mkubwa ndani, ukurasa wa kulia, chini ya maneno ya salamu. Kadi zimeshatoka kwa wachapaji mjini. Maneno yapo, maua yapo, na chini pameachwa mstari wa nukta. Miaka yote Baba Mkubwa alikuwa akiujaza mstari huo kwa mkono wake, taratibu, kuanzia katikati ya Novemba. Mwaka huu kifundo cha mkono kimegoma. Akishasaini chache vidole vinakakamaa, herufi zinaanza kulala, na mtu aliyefundisha mwandiko hadi anastaafu hawezi kuwapelekea watu herufi zilizolala.

Nilipendekeza mhuri. Mafundi wa mihuri mjini wapo, unawapelekea saini kwenye karatasi wanakuchongea. Akakataa hata sijamaliza.

"Mhuri ni wa ofisi, mwanangu. Mtu akiuona anatafuta kumbukumbu namba."

Nikasema basi tuichape kwa printa yangu. Akanyamaza, na anayemjua anajua kwamba kunyamaza kwake hakujawahi kuwa kukubali. Shangazi ndiye aliyetuokoa. Alifungua pochi, akatoa noti ya elfu kumi, akaiweka mezani.

"Kaka, hizi saini mbili hapa, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana, unadhani wanakaa wanasaini noti moja moja?"

Baba Mkubwa akaiinua noti, akaisogeza mbali na macho, akaisoma pande zote mbili, akairudisha.

"Haya. Lakini iwe yangu, isiwe ya noti."

Hayo ndiyo maelekezo yote niliyopewa. Yanatosha. Saini ya noti imenyooka, kila mahali ni ileile, rangi moja, unene uleule. Ya kwake inatakiwa ionekane imepita mkononi mwa mtu.

Vifaa: printa ya wino ya nyumbani, ya matanki, inayomeza karatasi kutoka nyuma na kuitema mbele, ina skana juu. Laptopu ya zamani. Programu za GIMP, ya kuhariri picha, na LibreOffice, ya kupanga ukurasa, zote za bure. Rula ya chuma, sindano, penseli.

Jumapili, baada ya ibada

Kabla kalamu haijagusa karatasi limekuja sharti jingine: saini ya benki na ya pensheni haiingii kwenye mashine. Kwa hili sikuhitaji kushawishiwa. Saini iliyosafishwa vizuri, isiyo na usuli, ndicho kitu ambacho tapeli angelipa kukipata; anaibandika juu ya barua yoyote, hati yoyote, na ukiitazama haraka huoni tofauti. Tangu 2015 tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inayozitambua saini za kielektroniki, na mwaka huohuo ikaja ya Makosa ya Mtandao, lakini sheria inakuja baada ya hasara. Ni afadhali kitu kisiwepo kwenye faili kabisa.

Kwa hiyo ya kadi itakuwa nyingine: neno moja tu, "Mwalimu", kwa mwandiko wa kuunganisha. Ndivyo anavyoitwa na kila mtu kuanzia sokoni Kirumba, hapa Mwanza, hadi Nansio kisiwani Ukerewe, na ndivyo alivyokuwa akimalizia barua kwa wanafunzi wake wa zamani. Shangazi akacheka kwamba watu watadhani kadi zimetoka Butiama.

Faili zote nitaziweka kwenye fleshi yake, si kwenye laptopu yangu, na hazitatumwa kwa simu. Fleshi anakaa nayo yeye.

Jumatatu

Kusaini. Tumefanya asubuhi baada ya chai, mkono ukiwa umelegea. Nilimpa karatasi za rimu za kawaida, gramu 80, na kalamu yake ya wino wa kuvuta. Amejaza ukurasa mzima bila haraka, na kwa macho zote zilikuwa nzuri. Nilipoziskani kwa nukta 600 kwa inchi nikaona tatizo: kila mstari una ndevu. Wino wa maji unatambaa kwenye nyuzi za karatasi hafifu, na ule ukingo ulioonekana mkali kwa macho, kwenye skrini umechakaa pande zote mbili. Ukiuchapa hivyo, ndevu zinachapwa nazo, halafu kadi inaongeza zake.

Tukabadilisha karatasi, si kalamu. Kalamu ya jeli ingeleta mstari safi zaidi, lakini kalamu ya Baba Mkubwa ina kitu ambacho jeli haina: inanenepa anaposhuka na kukonda anapopanda. M yake inaanza na kamstari kembamba, inashuka nene, inapanda nyembamba, inashuka tena. Na ile u ya mwisho ina mkia unaorudi kushoto chini ya neno lote hadi karibu na M. Hiyo ndiyo "yangu" aliyoisema. Karatasi nzito yenye uso laini ikazuia wino usitambae, na saini zikatoka bila ndevu.

Jambo la kuzingatia kwa anayetaka kufanya hivi: mtu asaini kwa ukubwa uleule utakaochapwa. Nilishawahi kuona watu wanasainishwa kubwa kwenye A4 halafu wanaipunguza. Ukipunguza nusu, unene wa mstari nao unakuwa nusu, na saini ya kalamu nene inageuka ya sindano. Nafasi iliyopo kwenye kadi ni kama milimita 55, kwa hiyo nilichora vijisanduku hafifu vya penseli vya upana huo, akasaini ndani yake.

Jumanne

Binamu aliyeko Dar aliomba nimtumie picha aisafishe kwa programu anazozijua. Nilimkatalia hizo saini zenyewe, nikampigia picha neno jingine kwa kalamu ileile, kwa simu, dirishani, ili tujaribu. Ikaenda kwa WhatsApp, ikarudi kwa WhatsApp.

Matokeo yanafaa kuelezwa. Kwanza, simu haiko sambamba na karatasi hata ukijitahidi, kwa hiyo neno limepanuka chini na kubanwa juu. Pili, kivuli cha mkono kimefanya kona moja ya karatasi iwe ya kijivu. Tatu, na hili ndilo baya, WhatsApp inaibana picha ili iwe nyepesi, na mbano huo unaacha vumbi la kijivu kuzunguka kila herufi. Kwenye simu hulioni. Kwenye printa linakuwa vitone, maana printa haijui kwamba kijivu kile ni takataka. Imeambiwa kuna rangi, inanyunyiza. Ukilazimika kutuma kwa njia hiyo, itume kama hati, isiwe kama picha. Skana ya kwenye printa ya bei ya chini bado inashinda simu ghali kwa kazi hii.

Jumatano

LUKU, umeme wa kulipia kabla, imeisha saa mbili usiku na mtandao wa kununulia nao umegoma. Hakuna kilichofanyika.

Alhamisi

Kusafisha. Nimeskani kwa rangi, si kwa nyeusi na nyeupe, hata kama wino ni mmoja. Mstari wenye unene wa milimita 0.7 ukiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi unapata pikseli kama 16 kwa upana, na ndani ya hizo 16 kuna habari nyingi: mahali wino ulipojaa pameiva, mahali kalamu ilipopita haraka pamefifia. Ukiskani nyeusi na nyeupe habari hiyo yote inauawa.

Weupe wa karatasi ndio adui wa siku ya leo. Macho yanaona nyeupe, skana inaona nyeupe yenye umanjano kidogo, labda 243 au 246 badala ya 255, kwenye kipimo ambacho 0 ni giza tupu na 255 ni nyeupe kamili. Chapa hivyo na utapata sanduku hafifu la vitone vya njano kuzunguka saini, ambalo taa ya usiku inalificha na jua la asubuhi linalitoa. Dawa yake kwenye GIMP ni kufungua Levels na kuvuta ile alama ya mwanga kushoto hadi weupe wote uwe 255 kamili, halafu kuufanya weupe uwe wazi kwa Color to Alpha, na kuhifadhi kwa PNG. JPEG haibebi uwazi na inarudisha lile vumbi.

Nilijaribu pia kuigeuza saini kuwa mchoro wa mistari kwa Inkscape. Programu inafuata kingo na kukupa umbo safi ambalo unaweza kulikuza hadi liwe la bango. Ni kali, ni nyeusi, haina doa, na nilipomwonyesha Baba Mkubwa akasema neno moja: "Noti." Kwa nembo ya duka ningeichukua hiyo. Kwa kadi nimebaki na picha yenye iva na fifia zake.

Rangi nayo ilinipotezea muda. Wino wake ni buluu iliyokolea. Kwenye skrini ilionekana hivyo, kwenye karatasi ikatoka zambarau. Printa haina wino wa buluu. Inaitengeneza kwa kuchanganya samawati na ule wekundu wa waridi, na ule wekundu ukizidi kidogo tu unapata wino wa mwalimu anayesahihisha madaftari ya chekechea. Nimepunguza wekundu, nikaongeza giza, nikafika kwenye 20, 45, 105, yaani vipimo vya nyekundu, kijani na buluu kwenye kompyuta. Ukichapa kwa nyeusi tupu unajiokolea shida hii, lakini nyeusi inasema fotokopi kutoka mbali. Buluu inamfanya msomaji afikirie kalamu.

Ijumaa

Leo ni siku ya kadi, na ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Kila mtu anadhani kazi ya namna hii iko kwenye ile picha ya saini. Picha nilishaimaliza jana. Kazi iko kwenye karatasi ngumu inayopita kwenye mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya karatasi laini.

Kwanza nimegundua kadi si za aina moja. Nyingi zina uso wa kung'aa nje na uso mkavu ndani. Lakini chache zilizokuwa chini ya boksi zinang'aa pande zote. Inaelekea karatasi ya kwanza iliwaishia wachapaji wakamalizia na nyingine. Ukizishika harakaharaka hutofautishi. Penseli inatofautisha: kwenye uso mkavu inaandika vizuri, kwenye ule wa kung'aa inateleza na kuacha alama hafifu ya rangi ya fedha. Nimezipitisha zote, kona ya ndani, mguso mmoja wa penseli, halafu kifutio.

Nilichapa moja ya zile za kung'aa ili nione. Wino ulikaa juu yake kama maji juu ya jani la yungiyungi. Baada ya chakula cha mchana bado ulikuwa unahama na kidole. Karatasi hiyo imepakwa kwa ajili ya wino wa mitambo mikubwa au poda ya printa ya leza. Wino wa maji hauna pa kuingilia. Leza ingeshika, ila leza inapasha karatasi joto kali sana ili poda iyeyuke, na kadi hizi zina utepe wa gundi na ung'aring'ari mbele. Sitaki kuwa mtu aliyeyeyusha gundi ndani ya leza ya mtu mwingine. Zile za kung'aa nimeziweka kando.

Pili, jinsi ya kuilisha printa. Kadi ikifunguliwa ni milimita 210 kwa 148, na mkunjo uko katikati, kwenye 105. Kuna njia mbili za kuiingiza. Ukitanguliza upande mfupi, mkunjo unakuja kulala sambamba na rola, na pale mkunjo ulipo kadi imeinuka kidogo. Hedi, kile kichwa kinachonyunyiza wino, inapopita juu inaukwangua na kuacha mstari wa wino katikati ya kadi. Ukitanguliza upande mrefu, mkunjo unasafiri pamoja na kadi, hauzuii kitu, na zile milimita 210 zinaenea vizuri kwa sababu ndio upana wa A4.

Hapa kuna mtego. Ukichagua A5 kwenye mipangilio, kompyuta inadhani upana ni 148 na urefu 210, yaani upande mfupi unatangulia, na itachapa saini yako imelala ubavu au nje ya kadi kabisa. Inabidi utengeneze saizi yako mwenyewe: upana 210, urefu 148. Na ile sehemu ya kupunguza ukurasa ili utoshee lazima izimwe, ukubwa uwe asilimia 100. Ikiachwa, printa inapunguza kidogo kimyakimya na vipimo vyote vya rula vinakuwa hadithi.

Usiku kadi zote zimelala zikiwa wazi chini ya vitabu vizito, ili mkunjo utulie.

Jumamosi

Mahali pa saini. Wengi wanapendekeza uweke karatasi ya majaribio juu ya kadi na kuinua kwenye mwanga wa dirisha. Kwa kadi ya gramu 250 mwanga unapita kwa shida. Sindano ni bora. Nimechapa saini kwenye karatasi ya kawaida niliyoikata 210 kwa 148, nikaipanga juu ya kadi iliyoharibika, kingo kwa kingo, nikatoboa pale M inapoanza na pale mkia unapoishia. Nikiondoa karatasi naona matundu mawili kwenye kadi na najua saini itaangukia wapi kabla tone la wino halijatoka.

Kisha nikapitisha kadi mbovu kadhaa mfululizo. Hazikuangukia mahali pamoja. Rola za printa ya nyumbani zinashika kadi nene mapema au zinachelewa kidogo, na saini inapanda au kushuka milimita moja, wakati mwingine mbili. Nilifuta rola kwa kitambaa chenye unyevu, nikabana vishikio vya pembeni, nikalisha moja moja. Ikapungua, haikuisha. Na haitaisha, mashine hii haikujengwa kwa ajili hiyo.

Ule mstari wa nukta ndio unaoifichua tofauti hiyo. Saini iliyokaa sawasawa juu ya mstari kwenye kadi moja, na kuukata katikati kwenye nyingine, inaonekana imepotea njia. Suluhisho limetoka kwa mwenye saini. Alitazama kadi mbovu, akasema, "Mimi lini nimekaa juu ya mstari?" Nikaenda kutoa kadi ya mwaka juzi kwenye albamu ya Shangazi. Kweli: neno linaelea juu, na mkia wa u unashuka kuukata mstari na kurudi kushoto chini yake. Nikaipandisha saini milimita tatu na kuuacha mkia uvuke. Sasa ikicheza milimita mbili hakuna anayejua, kwa sababu mkia unakata mstari vyovyote iwavyo.

Jioni likaja swali la Shangazi, ambaye nadhani angefaa kuwa mkaguzi wa hesabu. Kadi nyingi zinaenda kwenye nyumba ambazo watu ni ndugu. Wakikaa meza moja wakaziweka pamoja, saini zitakuwa sawa hadi tone la mwisho. Hakuna binadamu anayesaini hivyo. Kwa hiyo kutoka kwenye ule ukurasa wa Jumatatu nimechukua saini tano zinazotofautiana: moja mkia mrefu, moja M imebanana, moja l imeinama. Nimezisafisha zote kwa vipimo vilevile, mbili nimeziinamisha digrii moja. Nitachapa kadi kwa mafungu matano kisha nizichanganye. Nyumba zenye kadi zaidi ya moja Shangazi atazigawa mwenyewe.

Jumatatu usiku

Uchapaji umeanza. Aina ya karatasi kwenye mipangilio nimeweka ya kawaida, ubora wa juu. Nilijaribu ile ya karatasi ya picha isiyong'aa, printa ikamwaga wino mwingi na mistari myembamba ya M ikanenepa. Uso mkavu wa kadi unanyonya. Ukiupa zaidi unatanuka.

Kisha wakaja wadudu. Nyumba iko Kitangiri, dirisha la sebuleni linatazama ziwani, na mwezi ukiandama wale wadudu wadogo wa ziwani wanapanda kwa mawingu na kufuata taa. Nilikuwa nimezitandaza kadi mezani zikauke, feni inazunguka. Nilipogeuka, kadi zilizokuwa chini ya taa zilikuwa na wadudu juu ya maandishi. Mmoja alikuwa amenasa katikati ya tumbo la "a", mbawa zimefunguka, na alipoondolewa kwa kona ya karatasi aliacha doa la buluu lenye miguu. Nimefunga dirisha, joto likawa la kuchemsha, nimezima taa kubwa na kubaki na mwanga wa laptopu. Waliobaki wakahamia kwenye skrini.

Uchapaji wa usiku umefutwa. Kuanzia kesho ni mchana.

Jumanne

Mvua tangu alfajiri. Hewa ya ziwani ikiwa nzito kadi zinajikunja pembeni na wino unachelewa kukauka. Jana kadi ilishikika baada ya muda mfupi, leo nimeziacha hadi mchana kabla ya kuthubutu kuzipanga. Hazilali moja juu ya nyingine mpaka kidole kikavu kipite bila kuacha alama. Wapwa wawili wamefunga kamba ya katani kutoka mlangoni hadi kabatini na wanazitundika kwa mkunjo wake, bila vibanio. Kadi inakaa yenyewe juu ya kamba ikiwa imefunguka. Nimeipenda kuliko meza.

Umeme ulikatika kadi ikiwa katikati ya rola. Kwa anayechapa nyumbani: usiivute kwa nguvu kwenda nyuma. Subiri umeme urudi, washa, printa itaitema yenyewe. Jambo la haraka zaidi kuliko kadi ni hedi. Umeme ukikatika wakati wa kuchapa, hedi inabaki katikati ya njia badala ya kurudi kwenye kikofia chake, na matundu yake yanaanza kukauka. Mimi nachomoa waya, ili umeme ukija kwa kishindo usiikute printa, kisha nachomeka ukishatulia na kupima matundu kabla ya kadi ya kwanza. Mstari mmoja wa samawati haukutoka. Usafishaji mmoja ukaurudisha.

Jumatano

Fungu la mwisho limepita. Baba Mkubwa alikaa pembeni na miwani yake ya kusomea, akichukua kadi kutoka kwenye kamba. Kuna alichokuwa anafanya ambacho sikukielewa mwanzoni: akishatazama saini, anaigeuza kadi na kupitisha dole gumba nyuma yake.

"Haijagusa," akasema.

Kweli. Kalamu inakandamiza karatasi, unaweza kuisikia nyuma. Printa inanyunyiza tu. Huko Marekani wana mashine iitwayo autopen, inashika kalamu halisi na kuizungusha ifuate saini ya mwenyewe. Mei 2011 Obama akiwa Ufaransa aliiruhusu imsainie sheria Washington. Ile inagusa karatasi. Nilimweleza, akauliza bei, nikamwambia aendelee kunywa chai.

Mwishowe aliamua mwenyewe. Kwenye kila kadi, baada ya saini kukauka, anaweka nukta moja kwa kalamu yake mwishoni mwa mkia, pale alipokuwa akiiweka siku zote. Nukta haimuumizi mkono. Wino wa kalamu na wa printa vikikaa jirani unaona tofauti kidogo ukizigeuza kwenye mwanga, wa kalamu unang'aa zaidi, na mimi ningeiacha. Yeye hataki kusikia. Kadi zote zina nukta.

Ijumaa

Majina ya wapokeaji na bahasha wameandika wapwa, chini ya usimamizi mkali kuhusu herufi kubwa. Bahasha za Ukerewe zimeondoka na meli ya Nansio kwa mkono wa jirani. Za Sengerema na Geita zimepelekwa stendi ya Nyegezi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hatupigi tena hesabu ya foleni ya kivuko, kifurushi kinafika siku hiyohiyo. Za Magu na Bariadi zinasubiri basi la kesho kutoka Nyamhongolo.

Faili ziko kwenye fleshi, fleshi iko kwenye kabati la Baba Mkubwa. Laptopu nimeifuta, pamoja na foleni ya uchapaji, maana nayo huhifadhi nakala. Mipangilio nimeiandika kwa penseli nyuma ya kadi mbovu: 210 kwa 148, upande mrefu mbele, asilimia 100, karatasi ya kawaida, ubora wa juu, buluu 20-45-105, moja moja, mchana.

Zimebaki zile za kung'aa. Printa haiziwezi na kalamu ya wino haikauki juu yake, kwa hiyo nimemnunulia maka ya ncha nyembamba, ile ya kuandikia CD. Anasaini chache kila asubuhi baada ya chai, kwa mkono, na amesema hizo ni za watu wa kanisani, anawapelekea mwenyewe Jumapili.